Adapta Niliyoitia Alama Nyekundu

Wapo wasomaji wanaosema nilimwonea Mrisho wivu wa bure. Wangoje kidogo. Leo nitawapa sababu ya kunilaumu kweli kweli.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana: mimi ni Mwanakhamisi binti Isihaka. Baba yangu alikuwa fundi redio mjini Mbeya, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, ufundi wake wote aliumimina mikononi mwangu. Alipofariki, ndugu zake walibeba vyombo vyake vya kazi, wakaniachia bisibisi moja na mita ya kupimia umeme, kwa sababu hawakujua ni kitu gani. Nikaolewa na Mrisho, tukahamia Iringa, tukafungua kibanda cha redio pale Miyomboni. Mbele alikaa Mrisho, kwa sababu wateja walitaka kuona fundi mwanamume. Nyuma ya pazia nilikaa mimi, kwa sababu redio zilitaka kupona.

Wiki jana niliishia pale nilipotia mkono katika koti la Mrisho kutafuta kiberiti, nikatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Ndugu Mrisho, jambo letu limekubaliwa. Njoo Jumatano. Mke wako asijue kwanza. Kashindye."

Maneno hayo niliyasoma mpaka nikayakariri. Sasa niwaambie huyo Kashindye ni nani, na nilimfanya nini.

Mwaka ulikuwa 1979. Vita vilikuwa vimekwisha juzi juzi tu, na betri zilikuwa zimeadimika nchi nzima. Ukiwa na betri nne nyumbani, unazificha kama sukari.

Kashindye alikuwa binti wa Kisukuma, wa zile koo zilizohamia Usangu na ng'ombe wao. Alifanya kazi ya karani wa mizani kwenye mradi mmoja wa mpunga upande wa Rujewa. Jina la mradi silitaji. Ofisi yao ilikuwa na mashine sita za hesabu, ndogo, za kuweka mezani, zilizoletwa na wataalamu wa kigeni. Wenyewe waliziita kompyuta ndogo, na walizionea fahari.

Betri zilipokosekana, mradi ukatafuta adapta: kile kisanduku cheusi unachochomeka ukutani, kikapunguza umeme mkubwa ukawa mdogo, mashine ikanywa bila kupaliwa. Wakapata sita kwa mchuuzi aliyezivusha mpakani Tunduma. Siku ya kwanza tu moja ikatoa harufu ya kuungua. Wakaogopa, wakazichomoa zote.

Ndipo siku moja asubuhi nikasikia sauti ya kike mbele ya pazia.

"Hodi kwa fundi."

"Karibu, dada. Karibu ukae."

"Ahsante. Wewe ndiye Ndugu Mrisho mwenyewe?"

"Ndiye mimi."

"Basi nimefika. Mimi natoka Rujewa. Mama yangu mdogo, Leokadia, muuguzi wa Tosamaganga, redio yake ilikuwa imeshindikana Mbeya yote. Wewe ukaifufua. Nikasema hizi adapta sipeleki kwingine."

Redio ile niliifufua mimi. Siku tatu nilikuwa nimeinama juu yake mpaka shingo ikakataa kugeuka.

"Ah, ile ilikuwa kazi ndogo tu," Mrisho akasema.

Binti akacheka. Nikachungulia. Alikuwa mrefu, meno meupe, na alicheka kwa mwili mzima, kama mtu ambaye hajawahi kuambiwa anyamaze.

Hapo ndipo kitu kiliponichoma, tena mara mbili. Kwanza, alikuwa anamsifu mume wangu. Pili, sifa zenyewe zilikuwa zangu.

Mrisho akanipitishia adapta kupitia pazia, moja moja.

Kuitambua adapta mbovu hakuhitaji uchawi. Kwanza unaipima mkononi. Ndani yake mna chuma na waya wa shaba, kwa hiyo nzuri ina uzito. Ikiwa nyepesi kama kiberiti, mwenye kuitengeneza ameiba shaba. Pili unasoma karatasi yake, na usiiamini. Tatu unaipima kwa mita, lakini ukiwa umeiwekea mzigo. Ikiwa tupu adapta hudanganya. Itakwambia volti tisa, kumbe ikibebeshwa taa ndogo tu ya tochi inashuka mpaka nne. Mwisho unaiacha kwenye umeme nusu saa, halafu unaishika. Ikiwa na joto la mtoto mwenye afya, sawa. Ikiwa na joto la mtoto mwenye malaria, iweke kando.

Katika zile sita, nne zilikuwa nzima. Ya tano waya zake zilikuwa zimepishana, chanya mahali pa hasi. Nilizigeuza, nikachomelea, ikapona.

Ya sita ilikuwa jambazi. Karatasi yake ilisema volti 220, lakini nilipoikwangua kwa ukucha, chini yake ikatokea karatasi ya zamani: 110. Ilikuwa ya nchi nyingine, yenye umeme mwingine. Mtu alikuwa amebandika uongo juu ya ukweli, akauza. Nilifungua skrubu zake mbili za chini, nikatazama ndani, nikafunga. Haikuwa na dawa.

Zile tano nzima nilizitia nukta nyekundu ya rangi ya kucha. Ya sita nikaichora msalaba wa chaki.

Kila adapta ilikuwa na jina la chumba chake. Ile jambazi iliandikwa: MIZANI. Ilikuwa ya meza ya Kashindye.

"Mwambie hii haifai hata kuchezea," nikamnong'oneza Mrisho. "Itafutwe nyingine."

Mrisho akatoka mbele akasema, kwa sauti nzito, "Hii haifai hata kuchezea, dada. Nitakutafutia nyingine mwenyewe, nizilete zote sita pamoja."

"Wewe ni fundi kweli," Kashindye akasema.

Miezi miwili aliyokuja na kurudi sitaisimulia yote. Alikuja kuulizia adapta. Alikuja na mchele. Alikuja na mashine yake kuonyesha kitufe kilichokwama, kitufe ambacho hata yeye angekifuta kwa kitambaa. Basi la kutoka Rujewa mpaka Iringa si safari ya kuja kufutiwa kitufe.

Nikitoka na chai, wananyamaza. Nikirudi nyuma ya pazia, wananong'ona. Mrisho akaanza kunyoa ndevu kila siku.

Na kila alipokwenda Mbeya kutafuta adapta ya badala, alilala huko, akarudi mikono mitupu.

"Umepata?"

"Sijapata."

"Mbeya nzima?"

"Mbeya nzima, Mwanakhamisi. Unataka nikaitoe wapi?"

Jirani yangu Juliana, fundi cherehani, hakunisaidia. Alikuja siku moja na kitambaa changu mkononi, akakaa kabla sijamkaribisha.

"Kamwene, mwenzangu."

"Kamwene. Mbona uso huo?"

"Mimi si mtu wa maneno, unanijua."

"Sema tu, Juliana."

"Dada yangu amemwona shemeji stendi ya Mbeya. Alikuwa na mwanamke. Wamekaa kwenye mgahawa, wanakula sahani moja."

"Mwanamke gani?"

"Mrefu, amesema. Anacheka sana."

Sikuuliza tena. Mrefu anayecheka sana nilikuwa namjua.

Siku ya pili yake ndipo nilipoipata ile barua ya koti. Ilikuwa Jumatatu. Mrisho alikuwa tena Mbeya.

Alirudi Jumanne adhuhuri, amechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akatupa mkoba.

"Sijapata," akasema. "Kesho nawapelekea hizo tano. Mizani watasubiri."

Nilikuwa naosha vikombe. Sikugeuka.

"Ya Mizani nimeitengeneza," nikasema.

"Si ulisema haiponi?"

"Nimeipatia dawa."

Wasomaji, sikuwa nimeipatia dawa yoyote. Asubuhi ile nilikaa nayo mapajani. Nikafuta msalaba wa chaki kwa kanga yangu iliyolowa. Nikafungua kichupa cha rangi ya kucha. Nikatia nukta nyekundu, nzuri, ya duara, kama zile nyingine.

Sikutaka afe. Hilo naapa. Nilitaka mashine yake iungue mbele ya wakubwa zake, siku hiyo hiyo Mrisho akiwa amesimama pale na sifa zake. Nilitaka Kashindye amwangalie mume wangu na kusema, "Kumbe wewe si fundi." Nilitaka kicheko kile kikatike.

Mrisho aliichukua ile adapta. Akaipima mkononi, juu chini, kama nilivyomfundisha. Akaitazama upande wa chini. Akanitazama na mimi, kwa muda.

"Haya," akasema. Akaitia mkobani pamoja na zile tano.

Jumatano akaondoka. Alhamisi hakurudi. Kila lori lililopita lilinisimamisha mlangoni.

Ijumaa asubuhi Juliana akaja mbio, uzi bado umening'inia shingoni.

"Umesikia? Rujewa kumeungua! Ofisi ya mizani ya mradi, na stoo ya mbegu. Mbegu za vijiji vitatu!"

"Watu je?"

"Binti mmoja karani. Mikono."

Sabuni ilinitoka mkononi ikaanguka kwenye majivu. Niliiokota, nikaiosha, nikaiweka mahali pake, nikaiosha tena.

Mchana Mrisho akarudi. Shati lake lilinuka moshi na mpunga ulioungua. Hakutaka maji wala chakula.

"Kashindye ameungua," akasema.

"Ni adapta ipi?"

"Ya Mizani."

Basi. Nikangoja anipige, anifukuze, anitajie jina la baba yangu vibaya. Hakufanya chochote katika hayo. Alivua viatu, akalala amegeukia ukutani. Na mimi, badala ya kumshika miguu niungame, nikajisemea: tazama anavyomlilia.

Mnajua wivu ulivyo? Ofisi ya watu imeungua, nami nilikuwa nahesabu machozi ya mume wangu, yapi ni ya mbegu na yapi ni ya Kashindye.

Jumamosi asubuhi nilipanda lori la mchanga mpaka Tosamaganga. Nusu ya safari ile ilikuwa majuto. Nusu ya pili, nisidanganye, ilikuwa kwenda kuona kama Mrisho ametangulia.

Walikuwa wamemleta huko kwa sababu ya mama yake mdogo, yule Leokadia muuguzi. Ndiye aliyenipokea, mwanamke mfupi, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Wewe ni nani wake?"

"Mke wa Mrisho fundi."

Nilitegemea atanifukuza. Akanishika mkono.

"Mwanakhamisi! Ndiye wewe? Jana kutwa anakutaja. Njoo."

Kashindye alikuwa amelala chali, mikono yote miwili imefungwa bandeji nyeupe mpaka kwenye viwiko. Aliponiona, akajaribu kuinuka.

"Dada, shikamoo. Umekuja mwenyewe!"

"Marahaba. Lala, lala. Pole, mdogo wangu."

"Nimeshapoa. Kaa hapo. Dada, nina aibu na wewe."

Nikakaa. Nikajua sasa anaungama. Moyo ukanipiga kwa hofu na, Mungu anisamehe, kwa furaha. Alikuwa anakaribia kunipa haki ya kumchukia.

"Lile jambo lako limeungua," akasema.

"Jambo langu lipi?"

"Kumbe shemeji hajakwambia mpaka leo?"

"Niambie wewe."

Akatazama bandeji zake. "Siku ile ya pili nilipokuja Iringa, nilimsifu sana shemeji. Akaona haya. Akaniambia, 'Kashindye, nikudanganye mpaka lini? Fundi si mimi. Fundi ni mke wangu, yuko nyuma ya pazia. Redio ya mama yako mdogo aliitengeneza yeye. Mimi kazi yangu ni kukaa mbele na kuwa na ndevu.'"

Nikashika ukingo wa kitanda chake.

"Tukacheka sana. Halafu nikamwambia, mradi wetu unatafuta fundi wa umeme, una nyumba na mshahara. Kwa nini asije mkeo? Shemeji akaniambia, jaribu, lakini yeye asijue mpaka iwe kweli. Ameshavunjwa moyo sana na watu, akasema, ndugu zake walimnyang'anya mpaka koleo. Tusimpe tumaini la bure."

"Kashindye..."

"Meneja alikataa. Mwanamke apande nguzo? Nikamsumbua miezi miwili, dada. Hata mchele ule niliuleta ili nipate sababu ya kuja kuuliza mambo yako: ulisomea wapi, umefanya kazi miaka mingapi. Wiki iliyopita akakubali. Nikamwandikia shemeji aje Jumatano. Barua yako ya kazi ilikuwa juu ya meza yangu imepigwa mhuri kabisa. Ndiyo iliyoshika moto mwanzo."

Nikainama. Leokadia akadhani nalia kwa huruma, akanipapasa mgongo.

"Uliungua vipi?" nikauliza. Nilitaka kusikia. Nilistahili kusikia.

"Shemeji aliichomeka yeye mwenyewe ile ya mezani kwangu. Akasema, 'Hii ndiyo nzuri, msiwe na wasiwasi.' Ikafanya kazi vizuri Jumatano kutwa. Alhamisi tukasahau kuichomoa wakati wa chakula. Nilipofungua mlango naona moshi. Nikaishika niing'oe. Imeyeyuka, ikanigandia."

"Kwa nini uliishika kwa mkono, mdogo wangu?"

"Barua yako ilikuwa inaungua, dada."

Nilitaka kumwambia pale pale. Nilikwisha kufungua mdomo. Lakini kilichotoka si kile nilichokusudia.

"Na Mbeya, je? Mlikuwa mnakutana huko kwa ajili ya jambo hilo hilo?"

"Mbeya?" Kashindye akanishangaa. "Mimi sijafika Mbeya tangu Pasaka. Mizani inanifunga kama mbuzi. Nani kakwambia?"

"Hakuna," nikasema. "Nimechanganya."

Nikaaga. Njiani kurudi nilikaa juu ya mchanga wa lori nikiwa sijui niililie nini kwanza: mikono ya yule binti, kazi yangu, mbegu za watu, au yule mwanamke mrefu wa stendi ya Mbeya ambaye hakuwa Kashindye.

Kibanda chetu nilikikuta wazi, redio zimepanguliwa, pazia limeng'olewa. Juliana alisimama katikati kama mfiwa.

"Polisi," akasema. "Wamemchukua shemeji. Wanasema ni hujuma. Wanasema alilipwa achome mbegu za taifa."

Sikuvua hata viatu vilivyojaa mchanga. Nilikwenda kituoni kwa miguu yangu.

Aliyekuwa na kesi ni Afande Kalinga, Mhehe wa makamo, mpole wa sauti, ambaye watu walisema ni afadhali akukaripie kuliko akukaribishe kiti. Akanikaribisha kiti.

Mrisho alikuwa amekaa kwenye benchi, bila mkanda, bila viatu. Aliponiona akatikisa kichwa polepole: usiseme.

"Afande," nikasema, "mumewe mtu huyu hana kosa."

"Mume wako, unataka kusema."

"Mume wangu. Adapta zile nilizipima mimi. Ile mbovu niliijua kuwa mbovu, nikaitia alama ya nzima, kwa makusudi. Nilimwonea wivu yule karani. Nifunge mimi."

Askari aliyekuwa akiandika aliacha kalamu.

Mrisho akacheka. Kicheko kibaya, kikavu.

"Afande, usimsikilize. Mwanamke huyu ana wivu, hilo ni kweli, lakini mengine anayatunga ili nimwonee huruma. Nilizipima mimi. Huyu hata kushika bisibisi hajui."

Nilijua anasema hivyo kuniokoa. Nilijua. Lakini sentensi ile ya mwisho iliniuma kuliko pingu, kwa sababu aliisema vizuri mno, kama mtu aliyezoea kuisema kwa wateja miaka yote.

"Hajui bisibisi," Kalinga akarudia. Akavuta droo, akatoa kitu cheusi kilichoyeyuka, akakiweka mbele yangu juu ya gazeti. "Basi ni rahisi. Mama, hii ndiyo iliyochoma stoo. Kama wewe ni fundi, nieleze."

Nikaivuta karibu. Ilikuwa imebonyea kama embe lililokanyagwa. Nikaomba kisu. Wakatazamana, wakanipa.

"Chuma chake ni kidogo," nikasema, nikiikwangua. "Waya ni mwembamba kama unywele, waliiba shaba. Adapta ya namna hii ukiipima kwa saa moja itakudanganya, hasa kwenye umeme wa jenereta unaopanda na kushuka. Inaanza kupata joto ndani kwa ndani. Kesho yake inayeyuka. Haina hata fyuzi. Na ganda lake limegandishwa kwa gundi, halikufungwa kwa..."

Nikaisogeza kwenye mwanga.

"Kwa nini?" Kalinga akauliza.

Nikaigeuza. Nikatazama chini yake, pande zote mbili. Nikatafuta matundu ya skrubu. Hayakuwapo.

Ile niliyoitia nukta ilifungwa kwa skrubu mbili. Nilizifungua mimi, nikazikaza mimi.

Hii haikuwa adapta yangu. Hii sikuwahi kuishika maishani.

Nikainua uso. Mrisho alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Hapo nikaelewa ule muda alionitazama Jumanne, ameishika adapta mkononi. Alikuwa ameuona uongo wangu pale pale. Alinyamaza, akaenda nayo, na huko mbele ya safari akaibadilisha kwa nyingine, ili nisiwe na dhambi. Nayo hiyo nyingine aliichagua yeye mwenyewe. Bila mimi.

Nikisema kweli, mimi nitakuwa huru na mume wangu atakwisha. Nikisema ndiyo hii, mimi nitakwisha kwa kosa nililolitamani tu.

"Mama," Kalinga akasema kwa upole uleule. "Ndiyo hii uliyoitia alama, au siyo?"

"Afande..."

"Usiharakishe. Kabla hujajibu, nikuonyeshe na nyingine. Tulipompekua Ndugu Mrisho, tuliikuta ndani kabisa ya mkoba."

Akaweka mezani kifurushi kidogo. Akakifungua taratibu. Ndani ilikuwa adapta nzima, haina hata mkwaruzo. Skrubu mbili. Juu yake nukta nyekundu, ya duara, kazi ya mkono wangu.

Lakini mimi sikuitazama adapta.

Nilitazama kile ilichofungiwa. Ilikuwa kilemba cha kike, cha hariri ya zambarau, kimetariziwa pembeni kwa uzi wa dhahabu, kinanukia udi. Kashindye hakuwa mtu wa hariri. Na mimi sijawahi kuwa na kitu cha zambarau.

Askari alichovya kalamu. Mume wangu alikuwa anakaribia kufungwa. Binti wa watu alikuwa amelala na mikono iliyoungua kwa ajili yangu. Vijiji vitatu havikuwa na mbegu. Nami nilijua nilipaswa kusema nini. Mungu shahidi yangu, nilikuwa na maneno yote tayari.

"Mrisho," nikasema, "kilemba hiki ni cha nani?"

Mrisho akainua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Nitakueleza nyumbani," akasema.

Afande Kalinga akazunguka meza, akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na mume wangu, magoti yao yakikaribia kugusana. Akamwashiria askari mwenye kalamu afungue ukurasa mpya.

"Hapana," akasema. "Swali la mama ni zuri kuliko langu. Mjibu hapa hapa."